Noah ya D4 na nyingine: kwa nini kampuni za magari huacha injini iliyozoeleka

Mwezi Aprili 2025 kampuni ya General Motors ya Marekani iliwaita wateja wake walete gereji magari karibu laki sita yenye injini ya V8 ya lita 6.2. Vyuma vya ndani vya injini hizo viliweza kuharibika na gari likazima barabarani. Mwaka mmoja kabla yake, Toyota nayo iliita magari yapatayo laki moja hukohuko Marekani, mengi yakiwa pikapu za Tundra zenye injini mpya ya V6 yenye tabo mbili. Mabaki ya chuma yalikuwa yamebaki ndani ya injini tangu kiwandani. Na Ulaya, Machi 2024, kampuni ya Stellantis inayomiliki Peugeot na Citroën ilirefusha dhamana ya injini yake ndogo ya PureTech ya lita 1.2 mpaka miaka 10 au kilomita 175,000, baada ya malalamiko ya muda mrefu.

Kila habari ya namna hii inapotangazwa, swali linalorudi kwetu ni lilelile. Hawa watu walikuwa na injini zisizokufa. Kwa nini hawakuendelea nazo? Anayeuliza hivyo anazo sababu zake, kwa kuwa kijijini kwake kuna Corolla ya mwaka 1990 na kitu inayobeba magunia mpaka leo, na kuna gari jipya zaidi lililolala chini ya mwembe likisubiri spea.

Jibu fupi ni hili. Injini hutengenezwa kwa ajili ya mtu atakayelinunua gari likiwa jipya, na kwa ajili ya sheria ya nchi atakayolinunulia. Sisi tunaolipokea baada ya miaka saba au kumi hatumo kwenye hesabu. Jibu refu tutalieleza kwa kulifuata gari moja ambalo wasikilizaji wetu wengi wamelipanda.

Noah tatu, injini tatu

Noah ya kwanza kuzoeleka kwetu, ile ya miaka ya 1996 hadi 2001, ilikuja na injini ya petroli ya lita 2 inayoitwa 3S-FE. Ni injini ya tangu miaka ya 1980. Fundi wa kawaida anaifungua, anaifunga, na spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo.

Mwishoni mwa 2001 Toyota ikatoa Noah mpya. Injini ilikuwa ya lita 2 vilevile, lakini jina lilibadilika kuwa 1AZ-FSE, na juu ya kifuniko iliandikwa D-4. Hiyo ndiyo D4 ambayo mafundi wetu wanaitaja kwa kuguna.

Tofauti yake iko mahali petroli inapopulizwa. Katika injini ya kawaida, nozeli hupuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali. Petroli na hewa vinachanganyika hapo, kisha vinaingia pamoja ndani ya silinda. Katika D4, hewa inaingia peke yake na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ili ipenye humo wakati pistoni inabana hewa, inahitaji msukumo mkubwa, zaidi ya mara ishirini ya ule wa injini ya kawaida. Kwa hiyo pampu ni mbili: moja ya kawaida ndani ya tangi, na ya pili ya nguvu nyingi juu ya injini. Nozeli zake ni ghali na matundu yake ni madogo mno.

Faida yake? Injini ya kawaida huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa kuunguza kilo moja ya petroli. D4 za mwanzo ziliweza kukusanya petroli kidogo karibu na plagi na kuiwasha huku silinda imejaa hewa nyingi kupita kiasi hicho, mradi gari liwe linakwenda taratibu bila mzigo mkubwa. Kwa mwendo huo gari linakula mafuta kidogo zaidi.

Sasa tazama lilipokuwa linapimwa. Wakati ule Japani ilipima ulaji wa mafuta kwa jaribio la maabara ambalo mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa, na wastani wake haukufika hata 25. Ni mwendo wa mtu aliye kwenye foleni za Tokyo. Mwaka 1999 serikali ya Japani ikaweka utaratibu wa kuchukua gari linalokula mafuta kidogo kuliko yote katika kundi lake na kulifanya kipimo cha wengine wote, na kampuni zikapewa mpaka 2010 kukifikia. Teknolojia inayong'aa kwenye jaribio la mwendo wa polepole ilikuwa dawa waliyoihitaji. Mitsubishi ilishaanza mwaka 1996 na Galant yake, na Toyota ikaanza mwaka huohuo.

Mjapani aliyenunua Noah ile mwaka 2002 alifanya biashara nzuri. Petroli yake ilikuwa safi, oili ilibadilishwa kwa wakati, na ukaguzi wa lazima wa serikali ulimkuta baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na gari likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Wengi huliuza mapema. Likapanda meli likaja Mombasa na Dar es Salaam.

Huku likakuta mambo mengine. Petroli inapopita nyuma ya vali huziosha. Katika D4 haipiti hapo, kwa hiyo masizi na mvuke wa oili hujijenga juu ya vali za kuingizia hewa mwaka baada ya mwaka, mpaka injini inaanza kutetemeka na kukosa nguvu. Uchafu kidogo ndani ya mafuta, ambao nozeli ya 3S-FE ingeumeza, unaumiza ile pampu ya pili. Na miaka ile uchakachuaji ulikuwa umeshamiri. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili bei yake ikaribie ya dizeli na wachanganyaji wakose faida. Kenya ilifanya jambo la aina hiyo mwaka 2018, ikaongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Serikali mbili hazipandishi bei ya mafuta ya kuwashia taa na jiko la mnyonge bila sababu. Gari lililosanifiwa kwa petroli ya Tokyo lilikuwa linanyweshwa petroli iliyochanganywa usiku kwenye ghala.

Kuna jambo moja ambalo kwetu ndilo linaloeleza yote. Toyota hawakuwa na namna moja tu ya injini ile ya 1AZ. Walikuwa nazo mbili. RAV4 ya miaka hiyo iliyouzwa Japani ilipewa 1AZ-FSE, yaani D4. RAV4 hiyohiyo iliyosafirishwa ikiwa mpya kwenda kuuzwa nje ilipewa 1AZ-FE, ambayo petroli yake hupulizwa nyuma ya vali kwa mtindo wa zamani. Mhandisi alijua vizuri kwamba si kila nchi ina petroli ya Japani. Akaliweka jambo hilo kwenye hesabu yake kwa magari aliyokuwa anayauza mwenyewe. Mtumba haukuwa gari analouza yeye.

Halafu ikaja Noah ya tatu, mwaka 2007. Injini zake zinaitwa 3ZR-FE na 3ZR-FAE, na zote mbili hupuliza petroli nyuma ya vali. Toyota ilirudi ilikotoka, kwenye gari lilelile. Mitsubishi nayo baadaye iliiacha injini yake ya namna hiyo. Viwango vya moshi vilikuwa vimebana zaidi, na ile mbinu ya hewa nyingi na petroli kidogo hutoa gesi za naitrojeni ambazo kuzisafisha ni gharama. Zilipatikana njia nyingine za kupunguza ulaji wa mafuta bila pampu ya pili.

Kwa hiyo D4 ya Noah ilidumu kiwandani kama miaka sita. Kwenye barabara zetu bado ipo, na wapo waliofika mahali pa kuing'oa na kufunga injini ya FE.

Mtihani, kodi na faini

Tumekaa sana kwenye Noah kwa sababu hadithi yake inaonyesha mkono unaoisukuma kampuni. Ulaya mkono huo ni mzito zaidi. Kuanzia miaka ya 2020 na 2021, Umoja wa Ulaya ulitaka magari mapya yatoe kwa wastani gramu 95 tu za hewa ya kaboni kwa kila kilomita, kila kampuni ikiwa na mpaka wake kulingana na uzito wa magari yake. Kila gramu inayozidi ni faini ya euro 95, na faini hiyo inazidishwa kwa kila gari lililouzwa mwaka huo. Kampuni iliyozidi kwa gramu 10 na kuuza magari milioni moja inadaiwa euro milioni 950.

Ukiweka fedha hizo mezani, mazungumzo yanabadilika. Mhandisi akisema injini yetu ya zamani haina tatizo, mhasibu anamuuliza inatoa gramu ngapi.

Ndiyo maana injini za Ulaya zilipungua ukubwa. Mwaka 2012 Ford ilileta injini ya lita 1 tu, silinda tatu, yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani. Ilikuwa na nguvu ya kushindana na injini ya lita 1.6, na kwa miaka mitatu mfululizo ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka. Ndani yake kulikuwa na mkanda wa taimingi wa mpira unaozunguka ndani ya oili. Mkanda wa namna hiyo una msuguano mdogo na haupigi kelele kama mnyororo, na kila msuguano unaopungua ni sehemu ya gramu. Peugeot na Citroën walitumia wazo hilohilo kwenye PureTech.

Tatizo likaja na matumizi ya kila siku. Kwa mtu wa safari fupifupi ambaye injini haipati moto wa kutosha, petroli kidogo hupenya na kuchanganyika na oili. Mchanganyiko huo unaushambulia mpira. Mkanda unavimba na kumeguka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, na injini inakosa oili wakati inazunguka. Desemba 2023 Ford iliita magari karibu 140,000 Marekani kwa sababu ya mkanda unaoendesha pampu ya oili kwenye injini hiyo ya lita 1. Baadaye Ford na Stellantis, katika matoleo mapya ya injini zao, walirudi kwenye mnyororo wa chuma.

Kodi nayo huchora injini. Japani kodi ya mwaka ya gari hupanda kila ukubwa wa injini unapoongezeka kwa cc 500 hivi. India gari fupi kuliko mita nne hupata kodi nafuu kama injini yake ya petroli haizidi cc 1200, au ya dizeli haizidi cc 1500. Basi usishangae injini nyingi za India zikiwa na cc 1197 au 1199! Hata kwetu Tanzania ushuru wa bidhaa kwa gari linaloingia hupanda kwa kufuata cc. Wanunuzi wanakimbilia injini ndogo, na injini ndogo ikitakiwa kuvuta kama kubwa ni lazima ifungwe tabo na pampu ya msukumo mkubwa.

Mahali ambapo mtihani umekuwa kila kitu, wizi wa mtihani nao hutokea. Mwaka 2015 iligundulika kuwa Volkswagen iliweka kwenye magari yake ya dizeli programu ya kompyuta inayojua kuwa gari liko maabara na kupunguza moshi kwa muda huo tu. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 11 duniani.

Ipo pia sababu ya kiwandani ambayo haina uhusiano na sheria. BMW, kwa mfano, ilibuni silinda moja ya cc 500, kisha ikazipanga tatu kupata injini ya lita 1.5, nne kupata lita 2, na sita kupata lita 3. Pistoni zinafanana, mashine zilezile zinazikata. Injini ya zamani, hata iwe nzuri namna gani, ikihitaji mashine zake yenyewe inakuwa mzigo. Na tuseme ukweli, ile ya silinda sita katika familia hiyo ya BMW inasifiwa na mafundi wengi. Upya peke yake si ugonjwa.

Mkonga unabadilishwa moyo

Wasikilizaji wa vijijini wanalijua Land Cruiser lenye bomba la kuvutia hewa pembeni ya kioo, ambalo Tanzania tunaliita mkonga. Ndilo gari la wagonjwa, la polisi, la chanjo, la mashirika ya misaada. Injini iliyolijengea jina ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo, iliyoanza mwaka 1990. Pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta kubwa. Haina mbio, lakini inavumilia.

1HZ haiwezi kutimiza viwango vya sasa vya moshi vya Japani wala Ulaya. Mwaka 2003 jiji la Tokyo lilizuia magari ya dizeli yenye moshi mchafu kuingia mjini, na magari ambayo bado yalikuwa mazima yakalazimika kuondoka. Nchi kama Australia zilipewa Land Cruiser hilo lenye V8 ya dizeli ya lita 4.5 kuanzia 2007. Mwaka 2023 Toyota ikaleta kwenye gari hilohilo injini ya 1GD ya lita 2.8, silinda nne, tabo moja, na V8 ikaanza kuondoka sokoni.

Watu walipiga kelele, lakini tazama namba. V8 ile ilikuwa na nguvu ya kuvuta ya Nyutoni mita 430. Hii ndogo ina 500. Kwa anayepima tela na mlima, injini ndogo imeshinda. Swali la anayelitegemea gari hilo miaka 20 ni jingine: vitu vinavyoifanya injini ndogo kuvuta hivyo ni vingapi, na kimoja kikifa umbali wa kilomita 200 kutoka mjini nani atakitengeneza?

Australia wamekwisha kuonja. Injini hiyo ya 1GD ilitangulia kuwekwa kwenye Hilux, Prado na Fortuner tangu 2015, ikiwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha kompyuta inaongeza mafuta ili kuyaunguza. Kwenye magari hayo usafishaji haukufanyika inavyotakiwa gari lilipokwenda mfululizo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hivi, machujio yakaziba na moshi mweupe ukatoka. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kuwa magari zaidi ya 260,000 yaliuzwa yakiwa na kasoro hiyo, na ubishi wa fidia ukaendelea mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo.

Hapa tunataka msikilizaji aone jambo moja. Wanunuzi wa Australia walilinunua gari likiwa jipya, kwa muuzaji aliyeko nchini mwao, chini ya sheria inayomlinda mteja. Ndiyo maana waliweza kwenda mahakamani kwa pamoja. Mwenye Noah ya D4 ya mwaka 2003, aliyeinunua kwa dalali, hana wa kumshtaki.

Kwetu chujio la masizi linaleta na habari ya mafuta. Salfa nyingi kwenye dizeli huliharibu mapema. Mwezi Januari 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa Japani na Ulaya kiwango ni sehemu 10. Na gari la wagonjwa linaloachwa linanguruma nje ya zahanati saa nzima, kisha linaendeshwa kilomita nne, linafanya kazi ambayo chujio hilo huipenda kidogo kuliko zote.

Pale sisi tunapokuwa wanunuzi wa kwanza

Kuna mahali ambapo mambo yamekwenda kinyume kabisa, na ni hapo nje ya mlango wako. Mwezi Aprili 2020 India ilianza kutumia kiwango kipya cha moshi ambacho kimezifanya pikipiki nyingi za nchini humo kuacha karabureta na kutumia nozeli na kompyuta. Bajaj na TVS walitii, kama sheria inavyotaka. Lakini Boxer na HLX zinazokuja kwa bodaboda wa Afrika ziliendelea kuja na karabureta.

Bajaj inajua kutengeneza injini ya kisasa. Ila pikipiki hizi huuzwa kwetu zikiwa mpya, kwa mamia ya maelfu, na dereva wa bodaboda asipoweza kuifungua karabureta kwa bisibisi kando ya barabara, kesho atanunua ya kampuni nyingine. Hapo hesabu ya mhandisi imetugusa. Tunapumua moshi zaidi kwa sababu hiyo, na hilo nalo lisemwe, lakini spea ipo dukani na fundi yupo kijiweni.

Mfano mwingine ni Probox. Toyota iliyokuwa ikifunga D4 kwenye magari ya familia, gari hili la kazi ililipa injini ya 1NZ-FE yenye petroli ya kupulizwa nyuma ya vali, na ikaendelea nayo mwaka baada ya mwaka. Wanunuzi wake Japani ni kampuni zinazosambaza bidhaa. Wanahesabu shilingi ya matengenezo kwa kila kilomita, na hawana haja ya kumvutia jirani.

Wala tusidanganyane kwamba cha zamani hakifi. Ile V8 ya General Motors tuliyoanza nayo ni ya ukoo ambao Wamarekani wameutumia kwa miongo mingi, na bado ilibidi iitwe gereji kwa kosa la utengenezaji. Na wazee wetu wa gereji wanakumbuka jinsi injini za EFI zilivyoogopwa zilipoingia, watu wakitafuta gari la karabureta. Leo EFI ndiyo tunayoisifu.

Yanayoshuka bandarini sasa

Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari yaliyoandikishwa 2018. Maana yake ni kwamba zama za 3S na 1NZ zinafungwa bandarini, na wimbi la pili la injini za kupuliza ndani ya silinda limeshaanza kushuka. Mazda Demio na CX-5 za Skyactiv za petroli ni za namna hiyo. CX-5 ya dizeli ina chujio la masizi, na ikitumika kwa safari fupi tu, dizeli ya kusafishia chujio hushuka kwenye oili na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Toyota C-HR ya lita 1.2 ina tabo na hupuliza ndani. RAV4 ya kizazi kilichoanza 2018 ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za nyuma ya vali, mbinu ambayo Toyota ilianza kuitumia mwaka 2005 ili petroli iendelee kuosha vali. Hii ya mwisho tunaiona kuwa mapatano mazuri zaidi, ingawa pampu ya pili bado ipo.

Kwa Toyota, jina la injini linasema mengi kabla hujatoa fedha. Kwenye magari mengi yaliyotoka Japani kuna kibati ndani ya boneti chenye mstari wa injini. Tazama herufi zilizo baada ya kistari. Katika injini za petroli, S kwenye kundi hilo la nyuma ni ishara ya kupuliza ndani ya silinda: 1AZ-FSE, 8NR-FTS, M20A-FKS. T ni tabo. FE peke yake ni ule mtindo wa zamani. S iliyo mbele ya kistari, kama kwenye 3S-FE, ni jina la ukoo wa injini tu na isikutishe. Kwenye dizeli utaona V mwishoni, kama 1GD-FTV.

Piga picha kibati hicho kwa simu, umtumie fundi atakayelihudumia gari hilo, hata kama dalali anasema injini zote za Toyota ni moja. Ukiona FSE, muulize nozeli nne na ile pampu ya pili zinapatikana mji gani na kwa shilingi ngapi, kisha ujumlishe kwenye bei uliyotajiwa.